Nota za maumbo: kabla hujaingia kwenye mraba

Uimbaji wa nota za maumbo (nota ambazo umbo la kichwa chake hukuambia jina la kuimba) wa kusini mwa Marekani hauna hadhira. Viti hupangwa pande nne, waimbaji wakatazamana, katikati ikabaki nafasi ya mtu mmoja kusimama na kupiga mapigo kwa mkono. Hakuna kinanda wala gitaa, hakuna mazoezi, hakuna siku ya onyesho. Anayefika huazimwa kitabu, akaoneshwa kiti, na wimbo unaofuata anauimba pamoja na wengine, vibaya au vizuri.

Tunawaandikia wasomaji walioko Marekani na Ulaya ambao wameona tangazo la "karibuni wote, hata wasiojua kabisa" wakadhani ni maneno ya adabu tu. Tangazo hilo lichukulie kama lilivyo. Maumbo yenyewe yalibuniwa kwa ajili ya watu wasiojua kusoma muziki, na vikundi hivi, viwe vya Alabama, Chicago, London au Cork, bado vinaendeshwa kwa dhana kwamba kila wiki kuna mtu asiyejua. Na kama umelelewa kwenye kwaya ya kanisa Tanzania, Kenya au Kongo, ukasoma d r m f ubaoni, unaingia na mtaji mkubwa na mtego mmoja.

Kitabu kinachotumika zaidi kinaitwa The Sacred Harp. Kilitolewa mwaka 1844 na B. F. White na E. J. King wa jimbo la Georgia. Nota zake zimekaa kwenye mistari mitano kama muziki mwingine wowote, ila vichwa vyake vina maumbo manne. Fa ni pembetatu. So ni duara. La ni mraba. Mi ni umbo la uru kwenye karata. Mbinu hiyo haikuanza na White na King. Ilikuwa imeshachapishwa mwanzoni mwa karne hiyo na William Little na William Smith katika kitabu cha kufundishia kuimba.

Maumbo ni manne na ngazi ina nota saba, kwa hiyo majina yanarudiwa. Kupanda ngazi ya meja (major) ni fa so la, fa so la, mi, kisha fa tena. Ukiweka solfa, yaani zile d r m f za kwaya, kando yake: d ni fa, r ni so, m ni la, f ni fa, s ni so, l ni la, t ni mi. Ngazi ya maina (minor) huanzia kwenye l: la mi fa so la fa so, na kurudi la.

Swali la kila mgeni ni kwa nini wasitumie maumbo saba wakamaliza. Wapo wanaotumia. Jesse Aikin alitoa kitabu cha maumbo saba mwaka 1846, na vitabu vingi vya nyimbo za injili vya kusini vilimfuata. Lakini kwa anayeanza, manne ni rahisi zaidi kwa maoni yetu, kwa sababu yanabeba kanuni hii: kila unapopanda hatua moja na kutua kwenye fa, umepanda nusu hatua. Hatua nyingine zote ni nzima. La kwenda fa ni nusu, mi kwenda fa ni nusu, basi. Ukiiona pembetatu juu ya nota uliyopo, unajua sauti inasogea kidogo tu. Huhitaji kujua wimbo uko kwenye ufunguo gani.

Mi nayo ni alama ya njia. Inatokea mara moja tu katika oktava (ngazi moja kamili), kwa hiyo ukiipata umeshajua ulipo. Fa iliyo juu yake moja kwa moja ndiyo nyumbani kwa wimbo wa meja. La iliyo chini yake moja kwa moja ndiyo nyumbani kwa wimbo wa maina. Kutaka kujua wimbo ni wa meja au wa maina, tazama nota ya mwisho ya besi. Ikiwa pembetatu, meja. Ikiwa mraba, maina.

Sasa mtego. Katika solfa ya kwaya, m ni nota ya tatu, tulivu, mahali pa kupumzikia. Hapa mi ni nota ya saba, ile inayovuta kwenda nyumbani. Mtu aliyezoea solfa akiona neno mi kichwani mwake, koo linakwenda kwenye nota ya tatu kabla hajafikiri. Tumewaona walimu wa kwaya wakikwama hapa kuliko watu ambao hawajawahi kuona nota maishani. Dawa si kutafsiri wimbo mzima kwa kichwa, umbo hadi herufi, herufi hadi sauti. Mwendo wa nyimbo hizi hautakungoja. Wala usiandike herufi za solfa kwa penseli juu ya nota, maana ukishaandika macho hayatatazama umbo tena. Tazama umbo, tamka jina lake, liache sikio lifanye kazi.

Zoezi la nyumbani ni dakika 10 kwa siku. Panda na kushuka ngazi ya meja kwa majina mara kadhaa. Kisha ruka nota moja moja: fa–la, so–fa, la–so, fa–la, so–mi, la–fa. Ngazi ya maina ifanye kwa namna hiyo hiyo. Mwisho fanya miruko kati ya majina yanayofanana, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi huanguka: fa hadi fa inaweza kuwa nota nne, nota tano, au oktava nzima. Jina halitakuambia ni ipi. Hesabu mistari na nafasi. Mruko wa oktava huonekana mrefu kwenye ukurasa, na jicho hulizoea umbali huo upesi kuliko unavyodhani.

Kwa waliosoma solfa tu, muda wa nota unahitaji somo la dakika tano, maana hapa hakuna nukta pacha wala vistari vya kugawa mapigo. Kwenye mapigo manne, umbo tupu lisilo na mkia ni mapigo 4, umbo tupu lenye mkia ni 2, umbo lililojazwa wino ni 1, na likiwa na bendera ni nusu. Nukta pembeni huongeza nusu ya thamani ya nota. Maelezo mengine yote yako kwenye kurasa za mwanzo za kitabu, na inafaa kuzisoma baada ya kuimba mara mbili tatu, si kabla.

Kitabu chenyewe ni kipana, kimelala, na kila sauti ina mistari yake mitano peke yake. Kutoka juu kwenda chini ni trebo (treble, sauti ya juu), alto, tena (tenor), besi. Hapa wanakwaya hukosea karibu wote: wanafuata mstari wa juu kabisa wakidhani ndiyo soprano yenye tuni. Tuni iko kwa tena, mstari wa tatu kutoka juu, na wanaoiimba ni wanaume na wanawake pamoja, wakipishana oktava. Trebo nayo huimbwa na wote. Mwanamke akae kwenye tena bila wasiwasi, na mwanaume mwenye sauti ya juu akae kwenye trebo.

Uchaguzi wa kiti ni nusu ya mafanikio ya siku ya kwanza. Kaa kwenye tena, safu ya pili au ya tatu, karibu na mtu anayeimba kwa nguvu na kwa uhakika. Sababu ni mbili: tuni iko hapo, na kwa kawaida ndilo kundi kubwa kuliko yote, kwa hiyo ukikosea unafunikwa. Kama sauti yako ni nzito sana, nenda besi. Sehemu yake ina miruko mingi lakini kwa kawaida haipandi sana. Alto huonekana rahisi kwa sababu haitembei sana, na ndiyo inayochosha wageni, maana nyimbo nyingi za zamani zilikuwa za sauti tatu na alto ikaongezwa baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20. Iliongezwa mahali palipobaki. Trebo iache hadi umeshazoea. Iko juu, na siku nzima ya kuimba juu bila mazoea humaliza koo kabla ya chakula cha mchana. Benchi la mbele katika kila upande ni la wanaojua, kwa sababu wengine hufuata mikono yao.

Wimbo mmoja huenda hivi. Anayeongoza husimama katikati, akiwatazama tena, akiwa ameipa alto mgongo. Trebo na besi wako pembeni mwake, wanatazamana. Anataja namba ya ukurasa kwa sauti kubwa. Ukurasa ukiwa na nyimbo mbili, namba hufuatwa na herufi: t ni wimbo wa juu, b ni wa chini. Mtu mmoja aliyezoea kazi hiyo, mara nyingi kwenye benchi la mbele la tena, hutoa sauti kwa kubahatisha kwa ustadi: anatamka nota ya nyumbani, kisha fa la so ikiwa ni meja au la fa la ikiwa ni maina, na kila kundi linashika nota yake ya kwanza. Hakuna filimbi ya sauti. Ufunguo ulioandikwa kitabuni hauheshimiwi. Wimbo ukiandikwa juu sana utashushwa. Wenye sikio la kutambua sauti kamili huteseka kwa hili, na ushauri wetu kwao ni kuacha kutazama ufunguo kabisa.

Kisha mkono unashuka, na mzunguko wa kwanza wote huimba majina ya maumbo, kila kundi kwa nota zake. Ndipo maneno hufuata. Huo mzunguko wa kwanza ndiyo shule yenyewe. Mgeni asiyeweza kuimba maumbo kwa kasi hiyo achague nota anazozipata, labda ya kwanza ya kila kipimo (kundi la mapigo kati ya mistari miwili ya wima), aziimbe kwa sauti na aziache zinazopita. Atakapofika kwenye maneno tuni itakuwa imeshapita masikioni mara moja. Ukipotea kwenye maneno, kwa kuwa ubeti wa pili umechapwa mbali na mstari wako, imba "la" au rudia maumbo. Hakuna atakayekugeukia.

Kosa tunalolichukia kuliko yote ni kuimba kwa kunong'ona. Watu waliotoka kwenye kwaya zenye mwalimu mkali hufika wakitaka kuchanganya sauti, kupunguza, kusubiri ishara ya polepole na ya taratibu. Hapa hakuna ishara hizo. Sauti hutolewa kamili, bila mtetemo, na pigo la kwanza la kila kipimo hukanyagwa. Ukinong'ona huwezi kusikia kosa lako, na usipolisikia hutalirekebisha. Ila kuna mpaka: ukianza kupiga kelele ili ujisikie juu ya jirani, koo litakauka ndani ya saa moja. Imba kwa nguvu ya tumbo, kunywa maji, ruka wimbo mmoja kati ya kadhaa ukiona sauti inakwaruza.

Jambo jingine litakalokushtua ni nyimbo za maina. Wazoefu wengi, hasa wa kusini, huinua nota ya sita kwa nusu hatua ingawa kitabu hakijaonesha alama yoyote. Ukisikia fa hiyo ikisimama juu kidogo kuliko inavyopaswa, jirani yako hajakosea. Fuata anachofanya kundi lako.

Mkono

Kupiga mapigo si kazi ya kiongozi pekee. Wengi waliokaa hupiga pia, na mgeni akipiga hukaa kwenye mwendo kwa urahisi zaidi. Mkono huenda chini na juu tu, bila michoro ya mwongoza okestra. Kwenye mapigo mawili: chini, juu. Kwenye manne: chini kwa la 1 na la 2, juu kwa la 3 na la 4. Kwenye matatu: chini kwa la 1 na la 2, juu kwa la 3. Kwenye sita: chini kwa matatu ya kwanza, juu kwa matatu ya mwisho. Kosa la kawaida ni kwenye matatu, mtu hugawa chini na juu sawasawa na akajikuta kipimo cha pili kimegeuka kichwa chini. Ukiona mkono wako uko juu wakati wa benchi la mbele uko chini, usimamishe, ngoja kipimo kipya, anza tena.

Kuna nyimbo ambazo sauti hufukuzana: zinaanza pamoja, zinasimama, kisha kundi moja, mara nyingi besi, linaingia peke yake, na mengine yanafuata moja moja yakiimba maneno yale yale kwa kuchelewana. Ndizo nyimbo wanazopenda wazoefu, na ndizo zinazomvunja mgeni. Linaloharibika ni lile lile kila mara: mgeni anasikia kundi la kwanza likianza, anaingia nalo. Hesabu vipimo vya kimya kwenye mstari wako, na mtazame kiongozi. Akijua kazi yake atageuka kulitazama kundi lako hasa linapoingia. Sehemu hiyo kwa kawaida ina alama ya kurudia. Kurudia au kutorudia ni uamuzi wa kiongozi, na usiposikia amesema, fuata mkono.

Mgeni pia hualikwa kuongoza, wakati mwingine siku ile ile. Ukikubali, chagua wimbo mfupi usio na kufukuzana, ambao umeshausikia ukiimbwa. Sema namba ya ukurasa mara mbili, sema beti utakazoimba (mbili zinatosha), na mwombe mzoefu asimame nawe. Hilo ni jambo la kawaida kabisa, hata watoto husimama hivyo. Mwendo hutoka kwako, kwa hiyo usisubiri kusikia waimbaji ndipo upige; ukiwasubiri, nao wanakusubiri, na wimbo unazidi kupoa hadi unasimama. Anza mkono kwa kasi unayoitaka na uishikilie. Katikati ya mraba ndipo sauti zote nne hukutana, na wengi wanaoongoza hufanya hivyo kwa ajili ya kusikia hapo tu.

Kikundi cha mtaani huimba saa mbili hivi jioni. Mikutano mikubwa huchukua siku nzima, mingine siku mbili: asubuhi hufunguliwa kwa sala, viongozi huitwa kwa majina kutoka kwenye orodha, kuna mapumziko mafupi, na mchana kila mtu hula chakula kilicholetwa na wenyeji na wageni. Ukiweza, beba sahani ya kushiriki, usipoweza, kula. Mara nyingi kuna kipindi cha kukumbuka waliofariki tangu mkutano uliopita na wagonjwa wasioweza kufika, ambapo majina husomwa na wimbo ukaimbwa. Hakuna kupiga makofi baada ya nyimbo. Maneno ni ya Kikristo, mengi ya Isaac Watts na wenzake wa karne ya 18, na yanasema kifo waziwazi. Waimbaji wenyewe ni wa madhehebu na dini mbalimbali, wengine hawana dini, na mtu haulizwi.

Majina ya nyimbo yasikuchanganye. Ni majina ya tuni, mengi ya mahali, na hayahusiani na maneno. Kwenye toleo la 1991, ukurasa wa 178 una wimbo uitwao Africa, uliotungwa na William Billings wa Boston katika karne ya 18. Ukitafuta Afrika ndani yake hutaiona. Kwa habari ya watu weusi na uimbaji huu, tazama kwingine: mwaka 1934, huko Ozark, Alabama, Judge Jackson (Judge ni jina lake, hakuwa hakimu) alichapisha The Colored Sacred Harp, kitabu cha maumbo manne chenye nyimbo za watunzi weusi wa eneo hilo, wakati waimbaji weupe na weusi wa Alabama walikuwa na mikutano tofauti.

Ukitaka kuanzisha jioni ya wanaoanza

Watu wanane wanatosha, wawili kila sauti, ilimradi angalau wanne wanajua kazi, mmoja kila upande. Tafuta chumba chenye sakafu ngumu. Zulia na mapazia mazito hunywa sauti, waimbaji wakalazimika kusukuma, na baada ya nusu saa kila mtu anadhani anaimba vibaya. Usiweke kipaza sauti. Sogeza viti karibu hadi mraba wa katikati ubaki wa hatua tatu hivi. Pengo likiwa kubwa, besi na trebo hawasikiani na mwendo huachana.

Fundisha ngazi mbili kwa dakika 15, si zaidi. Waalimu wengi huharibu jioni kwa kueleza nadharia saa nzima na watu wakaimba nyimbo tatu. Usipime sauti za watu. Waache wachague upande, na wahame wakitaka. Anza na nyimbo tatu nne za meja ambazo sauti zote hutembea pamoja, ongeza moja ya maina, kisha moja ya kufukuzana ambayo wazoefu wanaijua kwa kichwa. Wimbo ukivunjika, anzeni tena kutoka mwanzo mara moja tu. Ukivunjika tena, endeleeni na mwingine. Kuurudiarudia kunageuza jioni kuwa mazoezi ya kwaya, na waliokuja kwa hofu hawatarudi.

Kuhusu kununua kitabu: usinunue kabla hujauliza kikundi chako kinatumia kipi. Kuna toleo la 1991 lenye jalada la rangi ya damu ya mzee, toleo jipya la 2025, na kuna lile liitwalo la Cooper, lililoanzia mwaka 1902, linalotumika zaidi kusini mwa Alabama, Florida na Texas. Nyimbo hazilingani zote, na namba za kurasa zinaweza kutofautiana, hivyo mtu mwenye toleo tofauti huishia kuchungulia kitabu cha jirani. Kwa miezi ya kwanza kitabu cha kuazima kinatosha. Vikundi vingi huwa na sanduku lake karibu na mlango.